AC ya gari haitoi baridi: kagua vumbi kabla ya kununua gesi

Gari likiacha kutoa baridi Dodoma, neno la kwanza utakalosikia gereji ni "gesi imeisha". Mara nyingi si kweli. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Ukiongeza bila kutafuta tundu umenunua gesi ya kuiachia hewani. Halafu kuna hali ya kanda ya kati yenyewe: kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni haba na vumbi ndilo lenye mji. Magari mengi yanayopelekwa kujazwa gesi yanayo ya kutosha, ila hewa haipiti. Filta imeziba, kondensa (wavu wa mapezi mbele ya gari unaotoa joto la gesi nje) imevaa udongo, au feni ya mbele haizunguki. Vyote hivi vinakaguliwa kwa macho na bisibisi kabla geji ya kupimia presha ya gesi haijatoka kwenye boksi.

Anza kwa kupima, maana "haipoi sana" si kipimo. Egesha kivulini, funga vioo, weka baridi ya mwisho, upepo wa mwisho na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 ya kila dakika (RPM) kwa muda wa dakika kumi, huku kipimajoto kikiwa kwenye tundu la katikati la dashibodi. Mchana wa nyuzi 32 hadi 35 AC nzima hutoa hewa ya kati ya nyuzi 5 na 10. Ikisoma 12 na kuendelea, kuna tatizo. Msimu wa kiangazi usihukumu AC kwa maji yanayodondoka chini ya gari. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwingi na gari huacha dimbwi, lakini Dodoma mwezi Oktoba hewa ni kavu na matone yanaweza kuwa machache sana huku AC ikifanya kazi barabara.

Upepo ni dhaifu, hata ukiweka namba ya mwisho

Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwenye Toyota nyingi ndogo unabana kuta zake mbili kwa ndani, inashuka, na nyuma yake unakuta kifuniko chembamba cha filta. Vuta taratibu, la sivyo udongo wote utamwagikia kwenye bloa, yaani feni ya ndani inayosukuma upepo. Kawaida filta hubadilishwa kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Anayepita barabara za vumbi kila siku aiangalie kila kilomita 5,000. Kuipiga chini ili vumbi litoke kunasaidia siku chache tu. Kuiosha kwa maji kunaiharibu, kwa sababu karatasi yake inalegea na kuanza kupitisha vumbi laini. Unaporudisha, fuata mshale wa mwelekeo wa hewa.

Wapo wanaoitupa filta moja kwa moja "ili upepo uongezeke". Unaongezeka kweli, kwa miezi michache. Baada ya hapo vumbi linatua kwenye evaporeta (wavu wa ndani ya dashibodi unaopoza hewa), linakutana na ule unyevu mdogo uliopo, na kuwa tope linaloganda katikati ya mapezi. Kuitoa evaporeta ili isafishwe ni kazi ya kushusha dashibodi kwenye magari mengi. Linganisha gharama hiyo na ya filta.

Filta ikiwa safi na upepo bado haupo, sikiliza bloa. Ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho peke yake, na namba za chini zimekufa, rezista ya bloa (kipande kinachopunguza mwendo wake) imeungua. Imefungwa kwenye boksi la bloa chini ya droo, kwa skrubu mbili na plagi moja. Kagua plagi yenyewe kabla ya kufunga mpya. Ikiwa plastiki imeyeyuka au imekuwa ya kahawia, bloa inavuta umeme kupita kiasi kwa sababu beringi zake zimekauka au brashi zimekwisha, na rezista mpya itaungua vilevile. Magari yenye AC ya kujiendesha (unachagua nyuzi, yenyewe inapanga upepo) hayana rezista ya aina hii, yana kipande cha transista. Hapo dalili ni bloa kukaa mwendo mmoja au kutozima kabisa.

Upepo upo, ila ni wa joto

Washa injini, bonyeza kitufe cha A/C, uangalie uso wa kompresa, pampu ya gesi inayozungushwa na mkanda wa injini. Kwenye kompresa yenye klachi utasikia "tak" na sahani ya mbele itaanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, fuata mpangilio huu: fyuzi, relei (swichi ndogo ya umeme; badilishana na relei nyingine ya aina ileile kwenye boksi), kisha umeme kwenye waya wa klachi. Umeme wa volti 12 ukifika na klachi isishike, chomoa plagi upime koili. Koili nzima ina ohmu 3 hadi 5, iliyokatika haisomi kitu. Pima pia mwanya kati ya sahani na puli kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya). Unatakiwa uwe takriban milimita 0.35 hadi 0.65. Mwanya ukishapanuka, klachi hushika asubuhi na kugoma saa nane mchana, kwa sababu koili ikipata moto nguvu yake ya sumaku inapungua. Dawa yake ni kutoa washa (pete bapa ya chuma) moja nyembamba nyuma ya sahani. Watu wamebadilishiwa kompresa nzima kwa ajili ya washa hiyo.

Umeme usipofika kabisa, huenda swichi ya presha imekata kwa kuwa gesi ni kidogo. Kwenye Toyota hukata presha ikishuka chini ya psi (kipimo cha presha) 28 hivi, na upande wa juu ikifika karibu psi 455. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya "kuijaribu", kwa maana kompresa ikizunguka bila gesi inazunguka pia bila mafuta, kwani mafuta husafiri na gesi.

Taa ya A/C kwenye Toyota ikiwakawaka, kompyuta inaona mzunguko wa kompresa haulingani na wa injini. Tazama mkanda kwanza. Kwenye AC ya kujiendesha unaweza kusoma namba za hitilafu: shikilia AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa kwa pamoja huku ukifungua swichi. Namba 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 22 mzunguko wa kompresa, 23 presha. Namba 21 ni ya mwanga wa jua, na hujitokeza hata kwenye gari zima likiwa ndani ya banda, kwa hiyo usiikimbilie dukani.

Magari mapya zaidi yana kompresa isiyo na klachi. Puli inazunguka muda wote, na hakuna "tak" ya kusubiri.

Ni baridi barabarani, joto kwenye foleni

Hii ndiyo dalili tunayoiona kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ukitoka Kibaigwa kuja mjini gari ni friji, ukisimama kwenye taa linakuwa jiko. Gesi inayofanya kazi kwa kasi ya 80 haipungui ukisimama. Kinachopungua ni upepo wa kwenye kondensa.

Jaribio rahisi: gari likiwa limesimama, linaunguruma na linatoa joto, nyunyizia kondensa maji safi kupitia grili kwa chupa ya kupulizia. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja au mbili, gesi haina kosa. Joto linakosa pa kutokea, na kujaza gesi hapo ni kuongeza mzigo.

Tazama feni. A/C ikiwashwa, feni moja angalau inatakiwa kuzunguka ndani ya muda mfupi. Isipozunguka, ipe umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili. Ikizunguka, kosa liko kwenye relei, fyuzi au waya. Isipozunguka, mota imekufa. Inayozunguka nayo usiiamini mapema. Weka karatasi mbele ya grili: inatakiwa ivutwe na ibaki imenata. Ikisukumwa, feni inazunguka kinyume, jambo linalotokea ikibadilishwa kwa ya mtumba na waya kugeuzwa. Kwenye Hiace na Land Cruiser za dizeli, feni inaendeshwa na injini kupitia kaplingi yenye mafuta mazito. Zima injini, toa ufunguo, isukume kwa mkono. Ikiendelea kuzunguka huru kama pangaboi, kaplingi imekwisha.

Kisha kondensa yenyewe. Kutazama uso wake kwa mbele hakutoshi. Uchafu mbaya hukaa katikati ya kondensa na rejeta: manyoya, nyasi, wadudu na udongo uliogandamana kama blanketi. Kwenye magari mengi unafungua vishikizo vya juu vya rejeta, unaisogeza nyuma sentimita chache, na taa ya simu inakuonyesha kila kitu. Injini iwe imepoa. Osha kwa bomba la kawaida ukipeleka maji kutoka upande wa injini kwenda nje, yaani kinyume cha njia uchafu ulikoingilia. Palipogandamana tumia sabuni ya vyombo na brashi laini ya rangi, ukifuata mwelekeo wa mapezi. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache, kwani inalaza mapezi na yakilala hewa haipiti tena. Anayetembea vijijini wakati wa kiangazi afanye hivi kila mwezi.

Kondensa ikiwa safi, feni nzima, na tatizo lipo bado, shuku gesi kuzidi. Gari lililoongezewa "kidogo kidogo" mara kadhaa huwa na gesi nyingi mno. Kimiminika kinajaa sehemu ya chini ya kondensa, nafasi ya kupozea inapungua, na presha inapanda jua linapokuwa kali.

Inaanza vizuri, baada ya nusu saa upepo unakufa

Evaporeta imeganda barafu. Zima A/C, acha bloa iendelee kwa dakika kumi. Upepo ukirudi na maji mengi kumwagika chini, umethibitisha. Sababu ni filta iliyoziba, gesi pungufu, au sensa ya evaporeta. Ikiwa badala yake upepo ni uleule ila baridi inakuja na kuondoka, kuna unyevu ndani ya mfumo: tone la maji linaganda kwenye tundu la valvu ya ekspansheni (inayopunguza presha ya gesi kabla ya evaporeta), linaziba, linayeyuka, linaachia. Huo ni ushahidi kwamba mfumo ulifunguliwa na haukuvutwa vakyumu (kunyonywa hewa yote kwa pampu) ipasavyo, au draya, chombo kinachonyonya unyevu, imeshiba maji.

Geji zinavyosomwa

Sasa ndiyo wakati wake. Kabla ya kuwasha, gari likiwa limepoa kivulini, presha ya R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, inafuata joto la hewa: psi 82 hivi kwenye nyuzi 25, 97 kwenye 30, 114 kwenye 35. Ikiwa juu sana ya hapo, kuna hewa au gesi nyingine imechanganywa. Ikiwa ndani ya kiwango, ina maana tu kwamba gesi kimiminika ipo. Haikuambii kiasi, iwe gramu 100 au 500.

Ikiunguruma kwenye mizunguko 1,500, milango wazi, upepo wa mwisho, upande mdogo (wa presha ndogo) usome psi 21 hadi 36 na mkubwa 199 hadi 228, kwa hewa ya nyuzi 30 hadi 35. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi pungufu. Zote mbili zikiwa juu, gesi imezidi, kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Upande mdogo ukivutwa hadi karibu na sifuri au chini yake, kuna kizibo. Pitisha mkono kwenye mabomba, mahali baridi inapoanzia ghafla au jalidi inapofanyika ndipo penye kizibo. Mdogo ukiwa juu na mkubwa chini, na ukizima tu mishale inakutana mara moja, kompresa imechoka ndani.

Kutafuta tundu huku kwetu kuna nafuu moja. Gesi ikivuja hutoka na mafuta, na vumbi linanata kwenye mafuta hayo. Tafuta doa jeusi lenye unyevu kwenye maungio, kwenye mikunjo ya hosi, chini ya kondensa na mbele ya kompresa nyuma ya klachi. Thibitisha kwa povu la sabuni. Ukiona kila Septemba gesi imepungua, tazama sili ya shafti ya kompresa. Wengi huzima AC Juni hadi Agosti kwa ajili ya baridi, sili inakauka na kuachia. Kuiwasha dakika kumi kila wiki wakati wa baridi kunaipaka mafuta.

Kubadilisha kompresa au kondensa

Gesi ivunwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Vaa miwani na glavu, kwani gesi ikigusa jicho inaligandisha. Usichomelee wala kuvuta sigara karibu, R-134a ikipita kwenye moto inatoa moshi wa sumu.

Ukishafungua, ziba kila bomba papo hapo kwa plastiki na mpira. Mimina mafuta ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha vipimo, uyatazame. Yakiwa maang'avu, endelea. Yakiwa meusi yenye chembe za fedha, kompresa imejisaga na chembe zimeshafika kwenye kondensa. Hosi na evaporeta unaweza kuzisafisha kwa kimiminika maalumu na naitrojeni, lakini kondensa za sasa zina vijia vyembamba mno visivyosafishika. Ibadilishe pamoja na draya na valvu ya ekspansheni. Anayefunga kompresa peke yake hapo anaiandalia kifo kilekile.

Kompresa mpya huja na mafuta ya mfumo mzima. Yamwage, kisha rudisha kiasi kilichotoka kwenye ya zamani, ukiongeza mililita 10 hadi 20. Ukibadilisha kondensa peke yake ongeza mililita 40 hivi, evaporeta vilevile, draya 10 hadi 20. Kompresa nyingi za Denso zinazoendeshwa na mkanda hutumia ND-OIL 8, ambayo ni PAG 46. Prius, Aqua na mahaibridi mengine yenye kompresa ya umeme hutumia ND-OIL 11 peke yake. PAG kidogo tu ikiingia humo inaharibu uzuiaji wa umeme, na gari linaweza kugoma kuwaka. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa, haziguswi na asiyezijua.

Kompresa ya mtumba ikague hivi: izungushe kitovu kwa mkono, iwe laini bila kukwama, matundu yawe yamezibwa tangu ilipotolewa, namba ilingane, mistari ya puli ihesabiwe. Ambayo matundu yake yalikaa wazi juani kwenye vumbi, iache hata kwa bei ya bure.

Oringi (pete za mpira za kwenye maungio) zote ziwe mpya, za kijani za R-134a, zipakwe mafuta ya kompresa, si grisi. Draya ifunguliwe mwisho kabisa, maana inaanza kunywa unyevu mara tu kifuniko kinapotoka. Kisha vuta vakyumu kwa dakika 30 hadi 45. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa hapa ni karibu milibari 885, si 1,013. Kwa hiyo mshale utaishia kwenye inchi −26 hivi za zebaki, hautafika −29 wala −30 iliyoandikwa kwenye miongozo ya pwani na ng'ambo. Fundi asiyejua hili atailaumu pampu au kutafuta tundu lisilokuwepo. Funga valvu, zima pampu, subiri dakika 20. Mshale ukirudi nyuma, kuna tundu.

Gesi ijazwe kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye lebo chini ya boneti, kwa gramu. Gari dogo mara nyingi ni kati ya 400 na 500, lenye AC ya nyuma huwa na zaidi sana. Kopo la gramu 340 halitoshi, na mawili yanazidi, ndiyo maana kujaza kwa kuhesabu makopo hakufai. Kompresa ikizunguka, shika kopo wima uingize mvuke upande mdogo tu. Ukiligeuza chini juu kimiminika kinaingia kwenye kompresa, na kimiminika hakibanwi, kinavunja valvu. Gesi ya R-600a ya friji za nyumbani na gesi ya kupikia zinawaka, haziingii kwenye gari.

Asubuhi za Juni na Julai: hita haitoi joto

Shika hosi mbili zinazoingia ukutani nyuma ya injini, gari likiwa limepata moto. Zote mbili zikiwa za moto, kosa liko kwenye mlango wa kuchanganya hewa au kamba yake. Moja ya moto na nyingine baridi, hita imeziba. Zote vuguvugu, maji ni pungufu au thamostati imetolewa. La mwisho ndilo lililoenea, eti nchi yetu ni ya joto. Injini bila thamostati inachelewa kufika kwenye joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama gari limetoka kuwashwa, na hita inabaki vuguvugu. Rudisha thamostati; nyingi za Toyota hufunguka nyuzi 82.

Kuziba kwa hita hutokana na maji ya kisima yenye chumvi yanayomwagwa kwenye rejeta. Chomoa hosi zote mbili, pitisha maji ya presha ndogo kupitia hosi ya kutokea hadi yatoke meupe, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa. Toa hewa: pua ya gari iwe juu kwenye mteremko, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye joto la mwisho, hadi mapovu yaishe. Mfuniko haufunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto. Kioo cha mbele kikiwa na ukungu wenye mafuta na harufu tamu ndani, hita inavuja, ibadilishwe.

Harufu, maji miguuni, kelele

Harufu ya uvundo AC inapowashwa ni kuvu kwenye evaporeta. Zima A/C dakika tano kabla ya kufika na uache bloa iikaushe. Maji miguuni kwa abiria ni mpira wa kutolea maji ulioziba kwa tope. Uzibue kwa upepo mdogo kutoka chini, si kwa waya, waya unatoboa evaporeta. Mlio unaosikika A/C ikiwa imezimwa na unaoisha ikishika ni beringi ya puli, ambayo hubadilishwa peke yake bila kugusa gesi. Mlio unaoanza A/C ikishika unatoka ndani ya kompresa. Mchakacho kwenye bloa, hasa baada ya mavuno, toa filta utazame: panya hujenga viota humo kwa mabua na karatasi ya filta yenyewe.